Landrova ya Misioni na Chombo cha Kuonyesha Njia

Landrova ya misioni yetu ilitengenezwa Uingereza mwaka 1966, nami nilizaliwa zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo niliikuta duniani, nikajifunza kuiheshimu kama mtu amheshimuvyo mkubwa wake. Ilipandisha mapadri katika milima ya Masisi, ikashuka nao mpaka msitu wa Walikale. Ilibeba mabati ya shule, magunia ya maharagwe, maharusi, wagonjwa na maiti. Mwili wake ni wa alumini isiyoliwa na kutu, lakini chasisi ni ya chuma, nayo ilikwisha kulehemiwa mara nyingi hata fundi wetu akazoea kusema kwamba haikubaki chasisi tena, bali ni viraka vilivyoshikana mikono.

Aliyeiendesha alikuwa mzee mmoja Mhunde, mkristo wa siku nyingi, ambaye hapa nitamwita Mzee tu, maana ndivyo tulivyomwita sote, hata Padri Paroko. Aliingia kazini akiwa utingo, akawa dereva, na usukani ule ulikuwa umelainika kwa mikono yake. Lakini mwaka 2018 macho yake yalianza kumsaliti usiku. Mwanga wa taa ukikutana na ukungu wa Masisi, naye haoni tena ukingo wa barabara. Padri Paroko, aliyekuwa mgeni kwetu, akafikiri sana. Wagonjwa hawachagui saa ya kuugua. Akaamua kuandika kijana mmoja awe dereva wa usiku, na kwa kuwa kijana huyo hakuzijua njia, akasema motokaa itiwe chombo cha kuonyesha njia, kile kiitwacho GPS, pamoja na redio ya kisasa yenye spika mbili. Kazi hiyo akanipa mimi, kwa sababu nilifundisha hesabu na mambo ya asili, na labda kwa sababu nilijigamba mbele yake kwamba ninaiweza.

Fedha za redio zilichangwa na kwaya na Wakristo wa mitaa. Wengine walitoa mayai, mama mmoja alileta jibini mbili. Nayataja haya ili msomaji afahamu uzito wa aibu yangu. Nilinunua redio Goma, nikarudi nayo nikiipakata kama mtoto, na Jumamosi ile ile, mbele ya wanafunzi wangu na nusu ya kwaya, nikaifunga waya, nikawasha. Ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya ukucha ulioungua. Basi, ndiyo ilikuwa ibada yake yote.

Sababu yake ilikuwa katika umri wa motokaa. Betri ina ncha mbili, chanya na hasi. Katika motokaa za siku hizi ncha hasi ndiyo inayofungwa kwenye mwili wa motokaa. Lakini Landrova za zamani, mpaka mwaka 1967 hivi, zilifungwa kinyume: ncha chanya ndiyo iliyoshika mwili. Redio ya leo hutegemea kwamba chuma kinachoizunguka ni hasi, nami nilikuwa nimeiweka katika nyumba iliyogeuzwa msingi juu. Mzee alikuwa amesimama pembeni na mikono yake nyuma. Aliniambia kwa upole, “Mwalimu, mimi sikusoma shule yako, lakini betri ya motokaa hii imefungwa vile tangu zamani. Ungeniuliza.” Sikumwuliza. Neno hilo nitalirudia.

Tulipopata redio ya pili, tena kwa mshahara wangu, fundi alitufundisha kazi ilivyopaswa kufanywa. Tuligeuza nyaya za betri. Tukagusisha waya wa betri kidogo kwenye dainamo ili usumaku wake ugeuke, tukabadili nyaya za koili na za saa inayoonyesha nguvu ya umeme. Kisha ilitubidi kufanya hesabu kama mama wa nyumba mwenye unga kidogo. Dainamo ya zamani hutoa ampea 22 tu, tena injini ikienda kasi. Mwendo wetu wa matopeni hauipi kasi hiyo. Taa kubwa zikiwaka hula karibu nusu. Kwa hiyo tuliitilia redio fyuzi ndogo, na tukaweka sheria kwamba taa zikiwashwa, spika zipunguzwe. Hata hivyo redio ilikwaruza kila injini ilipopanda, kwa maana cheche za plagi ni redio ndogo zenyewe, zinapiga kelele bila adabu. Fundi akafunga kapasita kwenye koili, kelele zikapungua, na tukasikia habari za Radio Okapi, redio iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa, zikitoka ndani ya motokaa ya mwaka 1966. Watoto walipiga makofi. Nami nikawaeleza kwamba Papa Pio XI, tarehe 12 Februari 1931, alifungua redio ya Vatikani iliyojengwa na Marconi mwenyewe, ili wasidhani kwamba Kanisa limeanza kusema hewani jana.

Siku ile fundi alipokuwa akilehemu nyaya, mwanafunzi mmoja aliuliza lile tone linalong’aa ni kitu gani. Nilimjibu kwamba ni bati. Kisha nikakaa kimya kidogo, kwa kuwa jibu lilikuwa kubwa kuliko swali. Karibu nusu ya bati inayotumika duniani huishia katika kulehemu namna hiyo, na mojawapo ya milima yenye bati nyingi ni Bisie, huko Walikale. Ndani ya redio na ndani ya GPS zimo pia kapasita ndogo kama punje za mtama, na nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa tantali, madini yatokayo katika koltani, na koltani ndiyo hiyo inayochimbwa Rubaya, hapa hapa Masisi. Wazee wa Walikale wanakumbuka jinsi mawe ya Bisie yalivyobebwa migongoni mwa watu kupita msituni, kisha ndege ndogo zikatua juu ya barabara ya lami karibu na Kilambo kuyachukua mpaka Goma. Yaani kipande cha barabara kilifanywa uwanja wa ndege, kwa sababu barabara yenyewe haikupitika mpaka mwisho. Jiwe liliondoka kwetu kwa kukosa njia, likazunguka dunia, likarudi kwetu ndani ya sanduku dogo, tumelinunua, nalo limekuja kutuonyesha njia. Wanafunzi walicheka. Mzee hakucheka; alisema tu kwamba anawajua wawili waliobeba mawe yale na migongo yao haikunyooka tena.

Sasa niseme habari ya chombo chenyewe. Juu yetu, mbali kiasi cha kilomita 20,000 na zaidi kidogo, huzunguka setilaiti za Marekani zisizopungua 24. Kila moja ina saa ya ajabu isiyokosea, na kila wakati hutangaza: saa ni hii, nami niko mahali hapa. Chombo cha motokaa husikiliza tu. Kikizisikia nne, hupiga hesabu ya muda sauti zilivyochelewa kufika, kikajua mahali kilipo. Mpango huo ulikamilika mwaka 1995, na mpaka tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani waliufifiza kwa makusudi kwa watu wasio wanajeshi. Tangu siku hiyo hata mkulima aweza kujua mahali alipo kwa hatua chache. Lakini setilaiti haijui barabara. Barabara imo katika ramani iliyotiwa ndani ya chombo, na ramani imechorwa na watu. Ramani tuliyoitumia sisi ni ile iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo watu wa kujitolea huichora, mara nyingi wakitazama picha zilizopigwa kutoka juu. Ni kazi njema ya watu wema. Lakini atazamaye kutoka juu huona mstari mweupe kati ya majani, wala haoni kama mstari huo una daraja.

Mzee alikitazama chombo kile kilipobandikwa mbele ya usukani, akauliza, “Kinajua jina la Nyabiondo?” Nikamwonyesha, jina lilikuwapo. “Kinajua mahali pa kungoja mpaka mvua iishe?” Sikumjibu. Kijana dereva alicheka, nami, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja naye.

Mwezi wa Oktoba, wakati wa mvua, watu walimleta misioni mama mmoja kwa machela, saa tatu ya usiku. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri na mtoto hakugeuka. Ilibidi afikishwe hospitali. Mzee alikuwa amelala nyumbani kwake, umbali wa nusu saa kwa miguu. Padri aliuliza kama tumwite. Mimi ndiye niliyesema hapana haja, kwa kuwa chombo tunacho. Tuliondoka: kijana kwenye usukani, mimi pembeni nikikishika chombo kama mtu ashikaye Injili, mama na mumewe na mkunga nyuma.

Kwenye njia panda chombo kilisema tupinde kushoto, kwani ingetupunguzia kilomita tisa. Kijana alisita. Nikamwambia, “Pinda.” Ilikuwa njia ya shamba la zamani la wazungu, pana na nzuri mwanzoni. Baada ya mwendo kidogo ikashuka bondeni, ikawa nyembamba, na mwisho taa zetu zikaangaza maji. Magogo ya daraja yalikuwa yamechukuliwa, siku gani hakuna aliyejua. Hapakuwa na nafasi ya kugeuza. Tukarudi kinyumenyume juu ya utelezi, gurudumu likaingia mtaroni, na hapo tulikaa saa mbili tukichimba kwa jembe moja na kwa mikono, mvua ikitunyeshea, na mkunga akisali Salamu Maria kwa sauti ili mama asisikie jinsi tulivyokuwa tukitweta.

Mume wake aliniuliza jambo moja katika giza lile: “Huko misioni wameona kwamba tumekwama?” Ndipo nilipofahamu. Huko misioni walikuwa wamelala kwa amani. Padri na wote waliamini kwamba sanduku lile linawaambia tuliko, kwa maana linazungumza na mbingu. Nami sikuwa nimewaeleza kwamba linasikia tu, halisemi. Hakuna aliyekuja kututafuta kwa sababu kila mtu alidhani tunaonekana. Wanyanga wa Walikale, katika masimulizi yao makuu ya Mwindo, wanasema shujaa huyo aliposhuka chini ya ardhi kumfuata baba yake alimwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba, ili kamba ikiacha kutikisika ajue kwamba Mwindo amekufa. Sisi tulishuka bila kumwachia mtu kamba.

Tulifika hospitali karibu na mapambazuko. Mama aliokoka. Mtoto, wa kiume, alizaliwa akiwa dhaifu mno. Mkunga alimbatiza pale pale, naye aliishi muda usiofika saa moja. Daktari, mtu wa huruma, aliniambia kwamba huenda hali ingekuwa ile ile hata tungefika mapema. Neno “huenda” nimelibeba tangu siku hiyo, na sijalitua.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee kabla ya kwenda kwa Padri. Nilimkuta akisuka kamba za mbuzi. Nilimweleza yote, hata kicheko changu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Njia ile ya kushoto haina daraja tangu Pasaka. Kila mwenye chukudu anajua.” Hakuongeza neno la lawama, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Nikamwomba arudi kwenye motokaa, asiendeshe usiku, bali akae pembeni ya kijana na kusema. Alikataa. Alisema yeye si redio. Ilimlazimu Padri Paroko aende mwenyewe kwa miguu, siku ya Jumapili baada ya Misa, akakaa naye, wakazungumza mambo ambayo sikuambiwa. Jumatatu Mzee akaja, amevaa koti.

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na iliendelea karibu mwaka mzima. Kila safari ya mchana, mimi au mwanafunzi mmoja tuliketi nyuma na chombo, na Mzee alipoinua kidole tuliweka alama na jina alilolisema. Nilitaka tuandike “daraja namba 4”, “mteremko namba 7”, kama afanyavyo mwalimu wa jiografia. Hakukubali. Alisema dereva mwenye hofu hakumbuki namba. Basi chombo kikajaa majina yake: Magogo Matatu, Kona ya Maziwa, Mkuyu wa Simu, Utelezi wa Mjane, Hapa Ngoja. Mkuyu wa Simu ni mti ambapo simu hupata mawasiliano. Huko nyuma na mbele hakuna kitu. Tulipanga kwamba kila motokaa ipitapo hapo usiku, mmoja ashuke na kupiga simu misioni: tumepita Mkuyu saa fulani. Ikipita saa moja juu ya muda uliotazamiwa, watu watoke na majembe. Wanafunzi waliita desturi hiyo Kamba, kwa sababu niliwasimulia habari ya Mwindo. Tulirekebisha pia ramani yenyewe, kwa maana kila mtu anaruhusiwa kuirekebisha. Ile njia ya kushoto tukaiandika kwamba daraja halipo.

Tuliposhuka upande wa Walikale tuliona udhaifu mwingine. Chini ya miti mikubwa chombo kilipotewa na mbingu, kikabaki kuonyesha mahali tulipokuwa robo saa nyuma, kama mtu aliyesinzia kanisani akiitikia sala iliyokwisha pita. Redio nayo hunyamaza milima ikiisimamia mbele. Na kwenye kizuizi kimoja, watu wenye silaha walikitoa chombo, wakauliza kinapeleka habari kwa nani. Nilieleza kwamba kinasikiliza tu. Hawakunisadiki, na sioni ajabu, ikiwa Padri wangu mwenyewe alidhani vile vile. Mzee ndiye aliyetuokoa. Aliwasalimu kwa lugha yao, akauliza habari za baba wa mmoja wao, akawasha redio, ukatoka wimbo wa kwaya yetu. Wakasikiliza wimbo wote, wakatupa chombo chetu. Tangu siku ile tulikitia ndani ya mfuko wa Misale tulipokaribia vizuizi. Kama hilo ni kosa, wahubiri watanisahihisha.

Kuhusu redio Mzee alikuwa na sheria yake, na sikuipinga. Landrova ya namna ile haina msaada wa kulinganisha gia ya kwanza na ya pili. Dereva huzilinganisha kwa sikio, akikanyaga klachi mara mbili. Mwenye kusikiliza nyimbo hawezi kusikia gia. Kwa hiyo kwenye miteremko na miinuko redio ilizimwa, ikawashwa tambarare. Kwa jinsi nchi yetu ilivyo, mnafahamu kwamba tulisikia nyimbo chache sana.

Mwaka 2023 giaboksi ilivunjika na vipuri havikupatikana. Motokaa ikawekwa juu ya mawe nyuma ya kanisa. Redio tuliifunga kwenye betri ya sola, watoto wakawa wanasikilizia mafundisho ya katekisimu ndani yake, wamekaa kwenye viti vya nyuma kama abiria. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi, kisha Goma, na mwezi wa Machi Walikale, nasi tulitawanyika. Niliondoka na nguo, vyeti, rozari, na ile kadi ndogo ya kumbukumbu yenye alama za Mzee.

Nilimkuta Mzee baadaye mjini Goma, katika nyumba ya binti yake. Macho yake sasa hayaoni hata mchana. Nilimtia mkononi simu yangu, ingawa hakuweza kuiona, nikaanza kumsomea majina kwa utaratibu wa safari, toka misioni mpaka hospitali. Alisikiliza amefumba macho, mguu wake wa kushoto ukikanyaga sakafu kila tulipofika kwenye mwinuko. Nikasoma Kona ya Maziwa, nikasoma Magogo Matatu, nikasoma Hapa Ngoja. Akaniinulia kidole.

“Hapana, Mwalimu. Hapa Ngoja iko kabla ya Magogo, si baada. Ukishavuka, unangoja nini?”

Nilitazama alama. Mwanafunzi wangu aliiweka upande wa pili wa mto, nami nilipita juu yake mara nyingi bila kuona. Nikaihamisha pale pale, yeye akisubiri, kisha akaniambia niendelee.